SOMO LA ROBO HII: Mzazi Anayemtetea Mtoto Mwenye Selimundu



Somo la robo hii ni tofauti kidogo na yale tuliyozoea ya visima, mbegu na vikundi vya kuweka na kukopa. Linahusu ugonjwa ulioko katika nyumba nyingi za Usukuma, ambao wengi wetu tumeuita kwa majina yasiyo yake. Ugonjwa huo ni selimundu, ambao hospitalini wengi huuita sikoseli. Tunaomba lisomwe katika kikao cha kamati ya diakonia, na pia katika vikundi vya wanawake na vya akina baba.

Lengo la somo: kila mjumbe aelewe selimundu ni nini, atambue kazi anayofanya mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa huu, na usharika uone namna ya kusimama naye.

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Mathayo 15:21-28 na Yohana 9:1-3.

1. Mama aliyetozwa faini

Tunaanza na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kishapu, kamati ya mradi wa maji ilituletea orodha ya kaya ambazo hazikushiriki kuchimba mtaro wa bomba. Mama mmoja alikuwa amekosa siku 11. Kanuni za mradi zilisema asiyefika alipe faini. Sisi wa ofisi ya miradi tuliipitia orodha ile, tukaikubali. Hatukuuliza sababu.

Siku ya mkutano mama yule alikuja na daftari la shule lililokunjika pembe. Alisimama mbele ya watu, akaanza kusoma tarehe. Tarehe fulani, homa usiku kucha. Tarehe fulani, miguu imevimba, mtoto hakanyagi. Tarehe fulani, amelazwa, ameongezwa damu chupa moja. Siku zote 11 tulizomwandikia utoro zilikuwa ndani ya daftari lile.

Mwenyekiti, ambaye ni mzee wa makamo anayeheshimika, akamwuliza, "Mwanangu, mbona hukusema?"

Akajibu kwa adabu, "Mzee wangu, nilisema. Kanisani nikaambiwa niongeze maombi. Shuleni nikaambiwa mtoto ni mvivu. Ukweni nikaambiwa nimtaje baba yake halisi. Nikaona niandike tu."

Mkutano ulikaa kimya. Faini ilifutwa siku ile, lakini aibu ya jambo lile hatujaisahau. Tulikuwa tumekuja kijijini kuleta maendeleo, tukamwadhibu mama kwa kumpeleka mtoto wake hospitali.

Baadaye alitueleza habari yote. Alikuwa amezika watoto wawili kabla ya huyu, wote chini ya miaka mitatu. Huyu wa tatu alipofika miezi minane, viganja na nyayo vilivimba, akawa analia akiguswa. Majirani walisema ametupiwa kitu. Mganga alimchanja chale tumboni, upande wa kushoto, mahali palipokuwa pamevimba. Zahanati walimtibu malaria mara kadhaa, na kweli wakati mwingine ilikuwa malaria. Hatimaye tabibu mmoja alilichukua daftari, akalisoma ukurasa hadi ukurasa. Akaona kwamba hizi si homa mbalimbali zilizokuja kwa bahati mbaya. Akaandika barua ya rufaa kwenda Shinyanga mjini kwa kipimo cha damu. Jibu likarudi: SS, yaani selimundu.

2. Selimundu ni nini?

Damu yetu ina chembechembe nyekundu zinazobeba hewa safi kutoka mapafuni. Kwa kawaida zina umbo la duara, ni laini, na hupita hata katika mishipa myembamba kabisa. Kwa mwenye selimundu, chembechembe hizi hubadilika umbo na kujipinda kama mundu wa kukatia majani. Jina la ugonjwa limetoka hapo. Zikishajipinda huwa ngumu, hukwama mishipani na kuzuia damu kupita. Mahali damu isipofika, mtoto hupata maumivu makali: mikono, miguu, mgongo, kifua, tumbo.

Chembechembe za kawaida huishi siku zipatazo 120. Zile za mundu huishi siku 10 hadi 20 tu, na mwili hauwezi kuzifidia zote. Ndiyo maana mtoto huwa na upungufu wa damu wa mara kwa mara, na macho yake huwa ya manjano.

Mtoto hazaliwi akionyesha dalili. Katika miezi ya kwanza damu yake bado ina kinga aliyokuja nayo kutoka tumboni mwa mama. Dalili huanza kuonekana kuanzia kama miezi sita. Kuvimba viganja na nyayo mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza, na ndiyo hasa inayodhaniwa kuwa uchawi, kwa sababu mtoto alikuwa mzima na sasa amebadilika ghafla.

Jambo lingine ni bandama. Kiungo hiki husaidia mwili kupambana na vijidudu, na kwa watoto hawa huharibika mapema. Hivyo homa ambayo kwa mtoto mwingine ingepita, kwa mtoto huyu inaweza kuua kwa siku moja. Wataalamu wanakadiria kwamba katika Afrika, pale pasipo na kipimo wala matibabu, zaidi ya nusu ya watoto wenye selimundu hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Wengi wao huzikwa bila mtu kujua walikuwa na ugonjwa gani. Wale wawili wa mama wa Kishapu huenda walikuwa miongoni mwao.

3. Kwa nini uko kwetu kwa wingi?

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Hauambukizwi kwa kula pamoja, kulala pamoja wala kugusana. Mtoto huupata akirithi kinasaba cha mundu kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama. Anayerithi kimoja tu huitwa mbebaji, na damu yake huandikwa AS. Mbebaji kwa kawaida ni mzima, analima, anachunga, na anaweza kuzeeka bila kujua.

Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya utafiti wake wa Afrika Mashariki. Alionyesha kwamba wabebaji wa kinasaba kimoja wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Katika nchi za mbu, watoto wabebaji walinusurika zaidi, wakakua na kuzaa, na kinasaba kikaenea. Basi kuwa nacho si laana ya ukoo. Ni alama ya vita ambayo mababu zetu walipigana na malaria kwa vizazi vingi.

Kuhusu Kanda ya Ziwa tunazo takwimu. Watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, pamoja na wenzao, walipima matone ya damu iliyokaushwa ya watoto wachanga wapatao 17,200 kutoka mikoa ya kaskazini magharibi mwa Tanzania. Damu hiyo ilikuwa imechukuliwa kwa ajili ya kipimo cha VVU cha watoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: watoto kama 20 katika kila 100 walikuwa wabebaji, na kama 12 katika kila 1,000 walikuwa na ugonjwa wenyewe.

Tufanye hesabu kidogo. Ikiwa mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji, basi katika kila ndoa 25, moja huenda imewakutanisha wabebaji wawili. Katika ibada moja ya Jumapili yenye ndoa 50, zipo kama ndoa mbili za namna hiyo. Kwa ndoa hizo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Tunasisitiza neno "kila mimba". Wengine hudhani kwamba wakishampata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Hesabu huanza upya kila mimba inapotungwa.

4. Nani alikosa?

Wanafunzi walimwuliza Yesu kuhusu kipofu tangu kuzaliwa: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Swali lile bado linaulizwa Kishapu, na mara nyingi jibu humwangukia mwanamke.

Kwanza huangukia mama. Huambiwa damu yake ni mbaya, au mtoto si wa ndoa. Ukweli wa kitabibu ni kwamba mtoto mwenye SS amepokea kinasaba kimoja kwa kila mzazi. Baba anayemfukuza mke kwa sababu ya ugonjwa huu anaukimbia urithi uliotoka kwake pia.

Pili huangukia bibi. Mkoa wetu umebeba kwa miaka mingi aibu ya mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Katika nyumba ambamo watoto wanakufa mfululizo bila sababu kujulikana, bibi mzaa baba hayuko salama. Kwa mama wa Kishapu maneno yalikuwa yameshaanza. Alipopata cheti cha kipimo aliomba ukoo ukutane, akamwomba tabibu aje aeleze. Baada ya kikao kile maneno juu ya bibi yalikoma. Karatasi moja ilimsaidia mtoto, ikamlinda na mama mkwe.

Hapo ndipo tunapoona uzito wa somo hili. Kujua jina la ugonjwa kunalinda uhai wa watu zaidi ya mmoja.

5. Mzazi mtetezi afanye nini?

Katika Mathayo 15 mama Mkanaani alimwendea Yesu kwa ajili ya binti yake. Wanafunzi walitaka aondolewe kwa sababu alikuwa akipiga kelele nyuma yao. Hakuondoka, na Yesu akaisifu imani yake. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu hana budi kuwa na moyo wa namna hiyo, tena mbele ya milango mitatu.

(a) Zahanati na hospitali. Aandike tarehe, dalili na dawa alizopewa, na kama hajui kuandika, mwenye kujua katika nyumba amsaidie. Aombe kipimo cha selimundu waziwazi. Akipata jibu aulize: "Ni AS au ni SS?" Kipimo cha awali cha kuangalia mundu hakitenganishi mbebaji na mgonjwa, hivyo ni haki yake kuomba kipimo cha kuthibitisha. Aulize kuhusu dawa ya penisilini ya kila siku kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, vidonge vya foliki asidi, kinga ya malaria, na chanjo zote za kliniki ikiwemo ya nimonia. Asimpe mtoto dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma bila ushauri wa daktari.

Aulize pia kuhusu haidroksiyurea. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto waliotumia dawa hii walipungukiwa na maumivu, maambukizi, malaria, haja ya kuongezwa damu na hata vifo. Dawa hii hutolewa na daktari, na mtoto hupimwa damu mara kwa mara.

Zipo dalili ambazo hazisubiri asubuhi: homa kali, viganja na midomo kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, kupumua kwa shida, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, na kwa mvulana, uume kusimama kwa muda mrefu kwa maumivu. Kwa hizo mtoto apelekwe hospitali mara moja, hata usiku.

(b) Shule. Mtoto mwenye selimundu anahitaji maji mengi ya kunywa. Tena figo zake hazishiki maji vizuri, kwa hiyo huomba ruhusa ya kwenda chooni mara nyingi, na wengine hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Mwalimu asiyejua huona utundu, na mzazi asiyejua huona uzembe. Mtoto anachapwa kwa jambo ambalo mwili wake hauwezi kulizuia.

Mzazi aende kwa mwalimu mkuu mwanzoni mwa muhula, si baada ya tatizo kutokea. Aombe mambo manne: mtoto awe na chupa ya maji darasani, aruhusiwe kwenda chooni, asilazimishwe kukimbia mchakamchaka wala kulowana na kukaa kwenye baridi asubuhi za Juni na Julai, na asipewe viboko kwa sababu ya kukosa siku za ugonjwa. Mama wa Kishapu alikwenda na cheti na lile daftari. Mwalimu aliyekuwa amemwita mtoto mvivu alisoma, akaomba radhi, kisha akawaeleza wanafunzi wenzake kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Watoto ndio waliokuwa wakimbebea ndoo ya maji baada ya hapo.

(c) Nyumbani na ukoo. Wazazi wote wawili waende kupima. Baba akienda, maneno ya ukoo hupungua nusu. Tumeona akina baba wachache waliothubutu, na tunawapongeza, maana katika mila zetu si rahisi mwanaume kusema mbele ya ndugu zake kwamba ugonjwa umetoka pande zote mbili.

6. Usharika ufanye nini?

Maombi yaendelee. Lakini kumwambia mama aombe tu, wakati mtoto ana homa, ni kumrudisha nyumbani mikono mitupu. Tuombe naye tukiwa njiani kwenda hospitali. Kamati zifikirie mambo haya:

- Kupanga mtu wa kumsindikiza mzazi siku ya kliniki au kubaki na watoto wengine nyumbani. Safari ya Shinyanga mjini au Bugando humwondoa mama shambani wakati wa palizi ya pamba, na hakuna anayepalilia kwa niaba yake.
- Kutenga fungu dogo la nauli katika sadaka ya diakonia, na kumsaidia mzazi asiye na uwezo kumwona ofisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa gharama.
- Kuhamasisha washarika kuchangia damu. Chupa aliyoongezwa mtoto yule ilitoka kwa mtu asiyemfahamu.
- Kuingiza kipimo cha selimundu katika mafundisho ya ndoa. Hatusemi wabebaji wasioane. Tunasema wajue, wakiwa bado na nafasi ya kujiandaa.
- Kuwalinda wazee wetu. Mzee wa kanisa akisikia kikongwe ananyooshewa kidole kwa sababu ya mtoto mgonjwa, asinyamaze. Atoe taarifa mapema kwa uongozi wa kijiji.

Kwa upande wetu, ofisi ya miradi ilibadilisha kanuni. Kaya yenye mgonjwa wa kudumu haitozwi faini ya kazi za kujitolea, na kabla ya faini yoyote kupitishwa, mjumbe mmoja huenda nyumbani kuuliza. Ni mstari mmoja tu katika kanuni, lakini tumeupata kwa aibu.

7. Neno kwa marafiki wanaotuunga mkono

Kazi hii haina jengo la kuzindua wala kibao cha kupigia picha. Mahitaji yake ni nauli, vipimo, dawa za kila mwezi na mafunzo kwa watu wanaokutana na mtoto kwanza: mhudumu wa afya wa kijiji, mwalimu na mwinjilisti.

Dunia imepiga hatua. Umoja wa Mataifa uliutambua ugonjwa huu mwaka 2008, na tarehe 19 Juni kila mwaka ni siku yake. Hapa nchini, mpango wa selimundu wa Muhimbili, ulioanza mwaka 2004 na kuongozwa na Profesa Julie Makani, umejulikana duniani. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Tunamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini mtoto wa Kishapu hatafika Dodoma kama hakupimwa kwanza kijijini kwao, na hatapimwa kama hakuna mtu mzima aliyeshikilia kuuliza, "Mtoto wangu anaumwa nini?"

Mtoto wa mama yule anaendelea na shule. Bado huumwa, na mwaka jana alilazwa tena. Mama yake sasa yuko kwenye daftari la pili, na wazazi wengine watatu wa kijiji kile wameanza yao.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika usharika wetu, ni familia gani imezika watoto zaidi ya mmoja? Je, tuliwahi kuuliza sababu, au tulitoa rambirambi tu?
2. Ni kanuni gani za vikundi au miradi yetu zinazomwumiza mzazi mwenye mgonjwa?
3. Mzazi akisimama kumtetea mtoto wake, sisi hufanana na nani katika Mathayo 15: mama Mkanaani, au wanafunzi waliotaka aondoke?
4. Kabla ya kikao kijacho, nani ataenda zahanati kuuliza kama kipimo cha selimundu kinapatikana, na kama hakipo, kinapatikana wapi?

Tunaomba majibu ya swali la nne yaletwe ofisi ya miradi kwa maandishi, ili tuandae orodha ya zahanati na vituo vyenye kipimo na kuisambaza kwa sharika zote.

Bwana awabariki.

Ofisi ya Miradi, Dayosisi